Nimepata nafasi ya PhD ya picha za tiba ila mada sio yangu, niende tu?

Shikamoo Mwalimu,

Naomba unisaidie maana nalala na hii kitu naamka nayo na naona muda unaniishia.

Mi ni radiografa, mpigaji wa picha za tiba, niko upande wa CT, ile mashine ya mionzi inayopiga picha za ndani ya mwili vipande vipande, masters ya sayansi ya picha za tiba nilishamaliza zamani kidogo. Mwaka huu nikaanza kuandikia vyuo kutafuta PhD, profesa mmoja akanijibu vizuri kabisa, akasema ananichukua na ufadhili upo, ada na posho, ila mada anayo yeye tayari. Anataka nifundishe programu ya akili mnemba itambue nimonia kwenye eksirei za kifua, data ni zile za bure zilizoko mtandaoni, kazi yangu itakuwa kukaa na kompyuta na hiyo modeli basi. Siku ya kwanza nilifurahi sana. Baadae nikaanza kujiuliza mbona sina hamu.

Kwasababu Mwalimu mi nina swali langu, na ni watoto. Naletewa watoto wa CT na naona kabisa mambo hayako sawa, kuna mwenzangu akizidiwa na foleni anatumia protokoli, yaani mipangilio ya mashine, ya mtu mzima kwa mtoto wa miaka mitatu kwasababu ndo iliyoko juu kabisa kwenye listi ya mashine, mwingine anarudia skani maana mtoto kacheza, na ile namba ya dozi ya mionzi inayotokea mwisho hakuna anayeiangalia, inaingia kwenye kumbukumbu inaishia huko. Nikauliza kwenye kikao, hivi dozi zetu za watoto tukilinganisha na hospitali nyingine zikoje, watu wakanyamaza. Sio kwamba wanaficha, ni kwamba hakuna anayejua.

Naogopa nikimwambia profesa ataona najifanya mjuaji wakati ananipa nafasi ya bure. Na mkuu wa idara yetu, yeye ni radiolojisti, daktari wa kusoma picha, alishaniambia mbele za watu, radiografa na PhD wapi na wapi, utarudi kusukuma mashine ile ile. Mume wangu hanikatazi ila anauliza ukimaliza utakuwa nani, na mi sina jibu la kumpa. Halafu hesabu na mambo ya kuandika programu siyawezi kivile, fizikia niliiweza ila ni kitambo.

Nichukue mada ya profesa niipate tu hiyo PhD halafu swali langu nilifanye baadae? Au niache kabisa nibaki kazini?

Radiografa wa zamu ya usiku

*

Marahaba mwanangu, na ahsante kwa kuandika kwa urefu, barua fupi za PhD huwa sijui nizijibuje.

Nianze na jibu lenyewe halafu nieleze. Usiache, na usiende na hiyo mada kama ilivyo. Mwandikie profesa umweleze swali lako la watoto kabla hujasaini chochote. Hutoonekana mjuaji hata kidogo. Mtu anayesimamia wanafunzi wa PhD, kama ni msimamizi wa kweli, anachotafuta kuliko kitu chochote ni mwanafunzi aliyekuja na swali lake, kwasababu anajua huyo hatomkimbia katikati. Wengi wanaokwama mwaka wa tatu ni wale waliopewa mada wakaipokea kwa shukrani, na wala sio wavivu, ni kwamba ile kazi haikuwahi kuwa yao, sasa ikianza kuwa ngumu, na itakuwa ngumu tu, hawana kitu cha kuwaamsha asubuhi. Miaka mitatu minne ukisoma muda wote, nchi nyingine mitano sita, na ukisoma huku unafanya kazi inaweza kufika mpaka minane, huo ni muda mrefu mno kukaa na swali la mtu mwingine.

Na hilo swali lako sidhani kama unajua ni zito kiasi gani. Ngoja nikusimulie kitu kuhusu hiyo mashine unayokaa nayo usiku. Kulikuwa na mwanafizikia wa Cape Town anaitwa Allan Cormack. Mwaka 1956 hospitali ya Groote Schuur ilihitaji mwanafizikia wa kusimamia matumizi ya isotopu zenye mionzi, wakamwomba awe anakuja sehemu ndogo tu ya wiki. Alikuwa mtu wa chuo, hospitali haikuwa kazi yake. Lakini kule kukaa pale akaona jinsi wanavyopanga tiba ya mionzi kwa wagonjwa wa saratani, wanapiga hesabu kana kwamba ndani ya mwili ni kitu kimoja tu, wakati mfupa, pafu na msuli kila kimoja kinanyonya mionzi kivyake. Akajiuliza, mtu ukiwa na vipimo vya nje tu unawezaje kujua kilichoko ndani? Akakaa nalo hilo swali miaka, akatengeneza hesabu zake, akachapisha 1963 na tena 1964, na karibu hakuna mtu aliyejali. Mwaka 1971 Godfrey Hounsfield, injinia wa Uingereza aliyefikia wazo hilo kwa njia yake mwenyewe, mashine yake ya CT ikapiga picha ya kichwa cha mgonjwa wa kwanza, na 1979 wote wawili wakapewa Nobel ya tiba kwa pamoja. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na PhD. Sikwambii hivyo ili uiache PhD, siku hizi ni vigumu mtu kuongoza utafiti bila hicho cheti, nakwambia ili uone mpangilio wake, kwanza mtu alikuwa mahali pa kazi akaona kitu hakijakaa sawa, mengine yote yakafuata. Wewe hapo mwanzo tayari unapo.

Sasa tuingie kwenye swali lenyewe, kwasababu nataka ukimwandikia profesa uandike kama mtu wa PhD na usiandike kama mtu anayelalamikia kazini kwake.

Ulichouliza kwenye kikao kina jina na kina utaratibu wake. Ni viwango rejea vya dozi, na Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi, ICRP, ndio iliyoleta hilo wazo rasmi mwaka 1996 halafu 2017 wakatoa mwongozo mzima juu yake. Kwa ufupi unachukua kipimo kimoja, tuseme CT ya kichwa, unakusanya dozi za wagonjwa angalau 20 kwa kila chumba, unatafuta thamani ya katikati ya kila hospitali, halafu unazipanga hospitali zote kuanzia ya dozi ndogo mpaka kubwa, pale ambapo robo tatu ya hospitali ziko chini yake ndo kiwango rejea. Hospitali inayozidi hapo haijavunja sheria na wala hicho sio kikomo cha mgonjwa mmoja mmoja, ni kengele tu ya kukwambia nenda kaangalie kwanini. Inaonekana rahisi eti? Kwa watu wazima ni rahisi kidogo. Kwa watoto ndo kazi ilipo, maana huwezi kumweka mtoto wa miezi miwili na wa miaka kumi na nne kwenye kapu moja, unawagawa, kichwa kwa umri na mwili kwa uzito, na ukishawagawa hivyo kila kundi linabaki na watoto wachache hata hao 20 huwapati bila kuunganisha hospitali kadhaa au kukusanya kwa muda mrefu. Ndio maana kikao kilinyamaza. Hiyo kazi inachosha na watu wanaiogopa.

Halafu kuna kitu ambacho ukikifahamu vizuri utawaacha wengi mbali. Ile namba ya dozi inayoandikwa kwenye skrini, CTDI, haijapimwa kwenye mwili wa mtoto uliye naye mezani. Imepimwa kwenye fantomu, silinda ya plastiki, ya sentimita 16 kwa kichwa na sentimita 32 kwa mwili. Sasa mtoto mdogo mwembamba ambaye tumbo lake halifiki hata nusu ya hiyo 32, mashine inakuonyesha namba ambayo iko chini ya dozi aliyoipata kweli, na mtu anaiangalia anaridhika. Wanafizikia wa tiba wa Marekani, AAPM, walitoa mwaka 2011 njia ya kurekebisha namba hiyo kulingana na ukubwa wa mgonjwa. Hospitali ngapi zinaitumia kila siku? Hapo unaona sura nzima ya tasnifu inakaa, na bado hujagusa suala la marudio, nani anarudia, saa ngapi, kwasababu gani, wala suala la huyo mwenzako aliyezidiwa na foleni, ambalo mi naliona ndo zuri kuliko yote kwasababu halimhusu mwanafizikia wala radiolojisti, linamhusu mtu aliyewahi kukaa kwenye hicho kiti.

Hilo la protokoli ya watu wazima kuwa juu kwenye listi, nakuomba hilo lisisubiri PhD. Nenda na mwanafizikia wenu au fundi anayesimamia mashine, za watoto zitenganishwe na zipangwe kwa umri na uzito, fanyeni mwezi huu huu. Kabla hujagusa chochote weka rekodi ya hali ilivyokuwa, ila usiache watoto wapigwe dozi ya wakubwa eti unatunza data ya utafiti.

Na kwanini ni muhimu sio hisia za mama tu. Mwaka 2012 jarida la Lancet lilitoa utafiti wa Uingereza wa watu karibu 180,000 waliopigwa CT wakiwa wadogo, wakakuta dozi zilizojumlika kufikia kama miligrei 50 kwenye uboho zinaweza karibu kuongeza mara tatu uwezekano wa leukemia, saratani ya damu. Uwezekano wenyewe ni mdogo sana na CT yenye sababu inaokoa maisha, hilo usiache kulisema popote utakapoandika maana mzazi akisoma nusu anaweza kukataa kipimo ambacho mtoto anakihitaji. Mwaka 2023 ukatoka mwingine mkubwa zaidi, karibu watu milioni moja kutoka nchi 9 za Ulaya, na wenyewe ukaonyesha uhusiano na saratani za damu. Kwahiyo profesa yeyote wa fani hii ukimwambia dozi za watoto hahitaji kushawishiwa kwamba swali lipo.

Tuje kwenye mada yake yeye. Sitaki uidharau, akili mnemba kwenye picha za tiba ni kitu cha kweli na kuna kazi nzuri inafanyika. Ila mada ya aina hiyo, nimonia kwenye eksirei za kifua kwa data za bure, watu wameifanya mpaka basi, na kwa mtu anayetaka kutoa mchango mpya hapo pamebanana sana. Wakati wa korona modeli za hivi zilimiminika, na mwaka 2021 kundi moja la watafiti likazichambua, wakabakiwa na 62 zilizofaa kuangaliwa kwa undani, na hakuna hata moja waliyoona inaweza kwenda kutumika kwa mgonjwa. Unajua kosa mojawapo lilikuwa nini? Data za bure za nimonia ambazo wengi walizichukua kama mfano wa wasio na korona zilikuwa za watoto wa mwaka mmoja mpaka mitano, na za korona zilikuwa za watu wazima. Modeli ikajifunza kutofautisha mtoto na mtu mzima, watu wakachapisha kwamba inatambua korona. Mwanangu, wewe ungeiona hiyo kwa jicho tu. Radiografa yeyote angeiona. Hicho ndicho unachokuja nacho kwenye PhD ambacho mtaalamu wa kompyuta hana, na ukimwandikia profesa usikifiche.

Kwahiyo kuna njia ya katikati ambayo unaweza kumpelekea. Kama maabara yake ni ya akili mnemba na ufadhili umefungwa hapo hapo, muulize kama programu hizo zinaweza kutumika kwenye swali lako, mfano kuchota dozi na ukubwa wa mtoto kutoka kwenye maelfu ya faili bila mtu kukaa kunakili moja moja, au kuangalia ni kiasi gani dozi inaweza kushushwa picha ikasafishwa na programu na radiolojisti bado akaona anachotakiwa kuona. Hapo yeye anabaki na fani yake na wewe unabaki na watoto wako.

Ukiwa unaongea naye usisahau kwamba na wewe unamsaili. Muulize wanafunzi wake wangapi wamemaliza na walichukua muda gani, omba kuongea na mmoja ambaye yuko katikati na mmoja aliyeondoka. Muulize jina la kwanza kwenye makala linakuwa la nani. Muulize ufadhili unaisha lini na kazi isipoisha inakuwaje, hili watu wanaona haya kuliuliza halafu mwaka wa nne wanahangaika. Na kwa swali lako lazima kwenye timu ya usimamizi awepo mwanafizikia wa tiba, kama yeye sio, nani atakuwepo?

Mkuu wako wa idara sasa. Najua alikuumiza, kusemwa mbele za watu sio kitu kidogo. Ila nusu ya alichosema nataka uichukue kwa uzito, kwasababu ni kweli kwamba PhD haitakufanya radiolojisti, haikupi ruhusa ya kuandika ripoti za picha, na kuna sehemu nyingi utarudi ukute cheo chako na mshahara wako vimekusubiri vilevile. Kama ndani ya moyo unachotaka ni kusoma picha, hiyo ni njia nyingine, Uingereza kwa mfano radiografa wanaandika ripoti baada ya mafunzo maalum ya baada ya shahada na hawahitaji PhD kwa hilo. PhD inakufanya mtafiti. Maana yake unaweza kufundisha chuo kikuu, kusimamia wanafunzi, kuomba fedha za utafiti kwa jina lako, kukaa kwenye kamati zinazoamua hizo protokoli na hivyo viwango rejea, au kwenda kwenye makampuni ya mashine. Mume wako anastahili jibu hilo hilo bila kulipamba: nitakuwa mtu anayeweza kujua dozi za watoto zikoje na akasikilizwa akisema. Kama jibu hilo ukilisema kwa sauti unaona halikutoshi kwa miaka yote hiyo, bora ulijue sasa.

Lakini huyo mkuu usigombane naye, kwasababu bila sahihi yake hakuna data. Unahitaji ruhusa ya hospitali kwa maandishi, unahitaji kamati ya maadili, hayo yanaweza kula miezi kabla hujakusanya hata namba moja, ndo maana nasema anza mapema. Mafaili ya picha yanabeba jina la mgonjwa, tarehe ya kuzaliwa na namba yake ndani kabisa hata usipoyaona kwenye skrini, kwahiyo usinakili kitu kwenye flashi yako eti unajiandaa, hata kama nia ni njema, hilo peke yake linaweza kukuua kitaaluma. Na ukienda kumwona usiende na habari za fulani kafanya hivi. Wenzako wakihisi unawachunguza watabadilika mbele yako na data yako haitasema ukweli tena, ukiachilia mbali kwamba utaendelea kufanya nao kazi. Mwambie unataka idara iwe na viwango vyake vya watoto na jina lake litakuwepo kwenye makala kama atachangia kazi yenyewe. Radiolojisti unamhitaji kweli pia, kushusha dozi ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni kuthibitisha kwamba picha bado inafaa na hilo yeye ndiye anayelijua.

Hesabu zisikutishe. Kwa kazi ya dozi unahitaji takwimu nzuri, na takwimu zinafundishika, vyuo vingi vina mtu wa kukushika mkono, mtafute mwanzoni wakati unapanga na sio mwishoni ukiwa na data imeshaharibika. Programu za kompyuta jifunze kidogo kidogo kwa kitu unachokihitaji wiki hiyo. Fizikia rudia sura za CT, za mwingiliano wa mionzi na mwili na za vipimo vya dozi, huna haja ya kurudia zote.

Kuhusu kusoma huku unaendelea na zamu za usiku, hapo nina wasiwasi zaidi kuliko hesabu. Kama ufadhili utakutosha chukua likizo ya masomo, na kama hautoshi omba angalau zamu zipangwe upate siku nzima nzima za kuandika, maana kuandika tasnifu ukitoka usiku haiendi, unasoma ukurasa mmoja mara tano. Mkopo wa kujilipia PhD yote mwenyewe siwezi kukushauri.

Barua ya profesa iwe ukurasa mmoja. Mshukuru, weka swali lako kwenye sentensi mbili za mwanzo, eleza uko wapi na unaona nini, taja kwamba una njia ya kufikia data kwa ruhusa, halafu pendekeza ile njia ya katikati na uombe nusu saa ya kuongea. Akikubali au akikuletea toleo lake la hilo swali, nenda. Akisema ni mada yake au basi, mshukuru na umwache, halafu barua hiyo hiyo ipeleke kwa watu wanaoandika makala za dozi za watoto, majina yao utayakuta juu ya makala utakazoanza kusoma wiki hii, wengi wao wanatafuta mtu anayekaa kwenye chumba cha CT.